Mawe ya Ibada: Kutoka Shanga hadi Songo Mnara

Chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, kuna msikiti mwingine. Chini ya huo kuna mwingine, na chini yake mwingine tena, hadi mtu afike kwenye mchanga mtupu uliokuwapo kabla ya mji. Mwanaakiolojia Mark Horton, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1980, alishuka tabaka baada ya tabaka, na chini kabisa hakukuta jiwe wala chokaa. Alikuta mashimo ya nguzo: alama za udongo uliobadilika rangi mahali miti ilipoozea ardhini. Kibanda kidogo cha miti, kilichosimamishwa mnamo mwaka 780 hivi, ndicho msikiti wa zamani kuliko yote iliyofukuliwa katika pwani yetu.

Mashimo hayo ndiyo yaliyonifanya niifuate upya njia ya zamani ya majahazi, kutoka visiwa vya Lamu hadi visiwa vya Kilwa, kwa mashua palipo na maji, kwa basi palipo na lami, na kwa miguu kwingineko. Magofu ya pwani tumezoea kuyasimulia kwa mawe yake: yana umri gani, ukuta una urefu gani, sultani gani alijenga, na wajenzi walitoka wapi. Mimi nilitaka kujua yalikuwa na kazi gani. Watu walinawa wapi kabla ya kusali? Nani alizikwa karibu na kibla, na kwa nini? Waliacha nini juu ya kaburi, na waliomba nini? Maswali hayo humfikisha mtu karibu zaidi na wahenga kuliko vipimo vya ukuta, na majibu yake yapo, ukiwa na subira ya kuyatafuta.

Shanga hufikiwa vizuri maji yakijaa. Yakitoka, mashua hubaki nje ya mikoko na mgeni humaliza safari akivuta miguu kwenye tope. Mji ulihamwa mnamo mwaka 1425 na tangu hapo haukukaliwa tena, kwa hiyo makaburi, kuta na misikiti yake imebaki na mibuyu na vichaka. Katikati ya mji wa mwanzo, Horton aliona alama za ua uliozungushiwa uzio, wenye kisima ndani na malango ya kuingilia. Misikiti ya miti ilisimama humo. Alipotafuta mfano wa mpango huo hakwenda mbali: aliufananisha na kaya za Wamijikenda, makazi ya msituni ambako watu waliingia kwa malango yenye miiko yake na mambo mazito yaliamuliwa katikati.

Kama alisoma sawa, na mimi nadhani alisoma sawa, basi Waislamu wa kwanza wa Shanga hawakutafuta kiwanja kipya cha kumwabudia Mungu. Waliingiza sala mahali ambapo mji ulikuwa umezoea kukutana, penye maji, pakiwa pameheshimiwa tayari. Misikiti ile ya mwanzo haikuelekea Makka barabara. Iliyofuata ilirekebishwa, na kila ilipojengwa upya ilipanuliwa kwa sababu safu ziliongezeka. Katika karne ya 10 ukaja msikiti wa mawe. Kwa hiyo kabla ya jiwe la kwanza kutiwa chokaa, vizazi kadhaa vilikuwa vimesujudu pale pale, juu ya udongo ule ule, chini ya paa la kuoza na kubadilishwa.

Hapa ndipo pa kusema neno juu ya ule ubishi wa nani alijenga. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ulionyesha kwamba katika mingi ya miji hiyo ukoo wa Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, ulichanganyika na ukoo wa Kiajemi kwa upande wa baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza mnamo mwaka 1000. Iweke tarehe hiyo karibu na ile ya kibanda cha miti. Shanga walikuwa wameshasali kwa karne mbili. Wageni walikuja, wakaoa, wakazaa na kuzikwa, na walileta mengi, lakini walikuta watu wenye sala na mahali pa kusalia. Katika tabaka za karne hizo za mapema wachimbaji waliokota pia sarafu ndogo za fedha zenye majina kama Muhammad na Abdallah, majina ya watawala wa mji, yaliyopigwa na mafundi wa hapa hapa.

Jiwe lilipokuja, lilitoka baharini. Yako matumbawe mororo ambayo hukatwa chini ya maji yangali laini, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Hayo ndiyo yaliyotengenezwa mihrabu, miimo ya milango na nakshi. Mawe ya kujazia kuta yalichimbwa nchi kavu. Chokaa ilipatikana kwa kurundika magogo, kupanga matumbawe juu yake na kuwasha moto. Dari ililala juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki nafasi pana, misikiti mingi ya kale ina nguzo zinazopita katikati ya ukumbi, na nyingine husimama mbele ya mihrabu yenyewe. Fundi angeweza kuukwepa usumbufu huo kwa kubadili mpango, lakini kwa karne nyingi hakubadili. Minara nayo haikuwapo kwa kawaida: mwadhini alipanda ngazi hadi juu ya dari akaita kutoka huko.

Kitu ambacho hakikukosekana ni maji. Msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, na katika maelezo yake mafupi ya mji huo alichokiangalia kwa makini zaidi ni namna watu walivyoingia msikitini. Anasema misikiti ilikuwa ya miti, imejengwa kwa ufundi. Mlangoni kulikuwa na kisima kifupi cha dhiraa moja au mbili, na maji yalitekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba. Ardhi iliyokizunguka ilisawazishwa na kusakafiwa. Aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, akaifuta kwenye mkeka mnene uliowekwa mlangoni. Msafiri yule alikuwa amesali katika miji mikubwa ya ulimwengu wa Kiislamu, na kilichomvuta Mombasa ni kata ya kutekea maji na mkeka wa kufutia miguu. Naamini alielewa kwamba ibada ya watu hawa ilianza nje ya mlango.

Kutoka Shanga nilirudi kusini hadi Takwa, katika kisiwa cha Manda. Mashua huingia kwa mkono wa bahari unaojipinda ndani ya mikoko, na maji yakipwa hakuna njia. Ni mji mdogo uliozungushiwa ukuta, uliokaliwa kati ya karne ya 16 na ya 17. Nyumba zake karibu zote zimeelekeza milango upande wa kaskazini, na kaskazini ndiko kwenye kibla ukiwa pwani ya Afrika Mashariki. Mtu wa Takwa aliyetoka nje asubuhi alitokea akiwa ameelekea Makka.

Msikiti wao una jambo ambalo huwashangaza wote wanaouona. Juu ya ukuta wa kibla, pale mihrabu ilipo, imesimama nguzo ya mawe, ya namna ile ile inayosimamishwa juu ya makaburi ya watu wakubwa. Wengi hufikiri kwamba chini yake amezikwa mtu aliyeheshimiwa sana, pengine mwanzilishi wa mji au shehe wao. Ikiwa ndivyo, waumini walipopanga safu walimwelekea Mungu, na palepale mbele yao akalala mzee wao. Fikihi ina mengi ya kusema juu ya kusali mbele ya kaburi, na hakuna shaka watu wa Takwa waliyajua. Hata hivyo waliijenga nguzo na kuiacha isimame.

Nje kidogo lipo kaburi jingine la nguzo, lenye maandishi ya tarehe ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani miaka ya 1680. Baada ya hapo mji haukudumu. Watu walivuka mlango wa bahari wakahamia Shela, kwenye kisiwa cha Lamu, nyumba zikabomoka na visima vikafukiwa na mchanga. Lakini wajukuu wa Shela waliendelea kuvuka kurudi. Mara mbili kwa mwaka walikuwa wakija kwenye kaburi lile kuomba mvua. Fikiria maana yake: mji umekufa, soko limekufa, msikiti hauna paa, na bado watu wanapanda mashua, wanavuka maji ya chumvi kwenda kuomba maji ya kunywa na ya kulimia mahali walipozikwa wazee wao. Kazi ya jengo ilibaki hai baada ya jengo lenyewe kuanguka.

Wapo mashehe wanaokataza ziara za namna hiyo, na hoja yao ni nzito: dua ielekezwe kwa Mungu peke yake, na kaburi lisigeuzwe mlango wa kuombea haja. Wanaozuru hujibu kwamba hawamwombi maiti. Wanamrehemu, kisha wanamwomba Mungu wakiwa mahali ambapo watu wema wamemwomba kabla yao. Mjadala huu hausikiki Lamu tu, na sikwenda kuuamua. Ninachoweza kusema ni kwamba makaburi ya nguzo hayaeleweki kamwe ukiiondoa ziara. Yalijengwa yaendewe.

Nguzo hizo zimetapakaa kutoka pwani ya kusini mwa Somalia hadi karibu na Dar es Salaam. Malindi zipo mbili kando ya msikiti wa ufukweni. Mnarani, juu ya mlango wa bahari wa Kilifi, ipo moja ndefu karibu na msikiti wenye maandishi mazuri ya kuchongwa. Mambrui ilikuwapo moja iliyopambwa kwa bakuli za kaure za Kichina, ikaanguka mwaka 1934. Nyingine zina pembe nane, nyingine ni za mviringo, nyingine za pembe nne. Wataalamu wamebishana sana kuhusu maana yake. Wengine waliona alama ya uzazi na ukoo, wengine cheo, wengine walitafuta asili yake ng'ambo. Nchi nyingine za Kiislamu hazina desturi hii kwa namna tuliyonayo sisi, na hilo linanitosha kuitafuta asili yake hapa hapa.

Na hapa karibu na pwani jamaa wapo wanaomsimamishia marehemu nguzo. Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, humchongea mzee wa chama cha Gohu kigango cha mti mgumu, chenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili cha nakshi za pembetatu, wakakisimika ili roho yake itulie na kukumbukwa. Kigango hulishwa na kunyweshwa, hupewa kitambaa, hutajwa kwa jina. Ukoo ukihama, hauking'oi. Sidai kwamba nguzo ya Takwa ilitokana na kigango, wala kwamba kigango kilitokana na nguzo. Ninasema tu kwamba ni majirani wa karne nyingi, waliouziana nafaka, pembe na nguo, wakaoleana, na wote wawili walipompoteza mtu mkubwa walisimamisha kitu kilichonyooka juu ya ardhi na wakawa wanakirudia. Katika miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa mashambani vikauzwa Marekani kama mapambo. Mwaka 2014 makumbusho ya sayansi ya Denver yalitangaza kurudisha 30. Kwa mnunuzi kilikuwa kipande cha sanaa. Kwa familia kilikuwa babu aliyetekwa.

Ujirani huo unaonekana wazi zaidi Gedi, kilomita chache kutoka bahari, karibu na Watamu. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapo kuanzia mwaka 1948 kwa takriban miaka 10, na mwaka 2024 mji huo ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Una msikiti mkubwa wa karne ya 15, kaburi la nguzo, na kaburi jingine lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mihrabu ilitiwa bakuli za kaure. Mimbari yake ni ya mawe, ya ngazi tatu. Juu ya tao la mlango mmoja wa msikiti kimechongwa kichwa kipana cha mkuki. Nilisimama muda mrefu chini ya mkuki ule. Msikiti wa Kiislamu, mlangoni silaha ya mzee wa Kiafrika, na hapakuwa na aliyeona kwamba kimoja kinamfukuza mwenzake.

Halafu ipo fingo. Kirkman alipochimba penye milango ya Gedi alikuta vyungu vilivyofukiwa ardhini kwa makusudi, na alivieleza kwa desturi iliyokuwa ikijulikana na wenyeji: chungu chenye dawa hufukiwa ili kikae na jini au nguvu ya ulinzi, na mwenye nia mbaya akipita hapo akili imruke. Neno hilo hilo, fingo, ndilo Wamijikenda walitumialo kwa kitu kitakatifu kuliko vyote vya kaya, kile kilichozikwa msituni na kinacholinda jumuiya nzima, ambacho masimulizi yao yanasema kililetwa kutoka Singwaya, nchi ya asili yao. Ndani ya ukuta wa matumbawe na ndani ya msitu wa kaya, ardhi ilibeba kitu kimoja.

Kutoka Gedi, mtu akitaka kuelewa, aende kaya. Misitu 11 ya kaya, iliyotawanyika kwa umbali wa kilomita 200 hivi za pwani ya Kenya, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Watu waliishi humo tangu karne ya 16 na kuendelea. Kufikia miaka ya 1940 walikuwa wametoka, wakaacha msitu kwa wahenga. Leo anayeingia Kaya Kinondo, huko Kwale, hufungwa kaniki kiunoni, huambiwa asichukue hata jani, na huingia kwa njia na lango lililowekwa. Hakuna ukuta wa kupiga picha. Kuna njia, lango, uwanja, makaburi, miti isiyokatwa, na wazee wanaojua nini kifanyike wapi. Niliwaza ule ua wa Shanga. Kama kaya hii ingekuwa imejengwa kwa mawe, tungekuwa na kitabu kinene juu yake. Kwa kuwa ilijengwa kwa miti na miiko, ilichukua muda mrefu mno serikali na wasomi kukubali kwamba ni mahali patakatifu kama msikiti wowote wa kale.

Mombasa nilipita haraka, ingawa huko ndiko kaburi la Shehe Mvita, ambaye mji unamhesabu kuwa mwanzilishi wake. Kwenye Siku ya Mwaka, watu wa mji wa kale walikuwa wakikusanyika kaburini kwake kwa dua. Fahali akazungushwa mitaani na kuchinjwa, ili mwaka unaoingia uwe salama. Mji ulizungushwa, kisha ukaombewa mbele ya aliyeuanzisha.

Tongoni, kusini mwa Tanga, ina takribani makaburi 40 na msikiti mmoja, na hakuna mahali pengine pwani palipo na makaburi ya nguzo mengi kiasi hicho pamoja. Vasco da Gama alitia nanga jirani na hapo mwaka 1498, na aliporudi mwaka uliofuata aliichoma moto mojawapo ya meli zake katika maji hayo kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika mwaka 1857. Nguzo nyingi sasa zimelala chini. Chumvi, mvua na mizizi vimefanya kazi yao, na bahari inasogea.

Kaole, karibu na Bagamoyo, nako kuna misikiti miwili na makaburi ya nguzo, na Kunduchi, kaskazini kidogo ya Dar es Salaam, nguzo zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Bakuli zile tulifundishwa kuziita ushahidi wa biashara, na ni kweli. Lakini bakuli ya kaure ilikuwa chombo cha thamani cha nyumbani, kilichowekwa kwenye zidaka ukutani, kikatolewa kwa mgeni wa heshima. Aliyeibandika kaburini alimpa marehemu kilicho bora, mahali ambapo kila apitaye angekiona na kujua kwamba ukoo huu haujamsahau wake. Nyingi zimebanduliwa na wezi. Yamebaki matundu ya duara kwenye chokaa.

Kaole bado watu huja na ubani. Wapo wanaofika kwenye kaburi la mwanamke wanayemwita Sharifa, wakasoma, wakaomba, wakaondoka. Jambo hili linanigusa, na nitalisema wazi. Wahifadhi wetu wana haki ya kukataza moto karibu na chokaa dhaifu na kuzuia watu wasipande juu ya kuta. Lakini wakimtoza mzuru kiingilio cha mtalii, au wakafunga lango siku ya ziara, wanaua kazi ya mahali ili kuhifadhi maganda yake. Mahali pa ibada panapoendelea kuombewa pana mlinzi asiyelipwa mshahara. Takwa ilikumbukwa kwa karne nyingi bila bango lolote, kwa sababu ya wale waliovuka kuomba mvua.

Unguja nilikwenda kwa ajili ya ukuta mmoja. Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa, wageni wengi huenda kutazama pomboo. Msikiti ukiutazama kwa nje hausemi kitu: kuta zilizopakwa chokaa na paa la mabati. Ndani, kwenye ukuta wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika matumbawe, herufi zake zikichipua majani, yenye tarehe ya mwezi wa Dhulqaada mwaka 500 wa Hijria, yaani Julai 1107. Yanamtaja Shehe Abu Imran Musa bin Muhammad kuwa ndiye aliyeamuru ujenzi. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika miaka ya 1770, na wajenzi wale, waliokuwa na fursa ya kuweka kitu kipya cha wakati wao, walihifadhi mawe ya nakshi katika ukuta wa kibla.

Hati ya namna hiyo ni ngumu kusoma hata kwa anayejua Kiarabu vizuri. Wavuvi na wakulima waliosali hapo karibu wote hawakuisoma, na nadhani hawakuhitaji kuisoma ili iwafanyie kazi. Ilikuwa mbele yao wakisimama, juu yao wakisujudu, na imamu aliposoma ndani ya mihrabu sauti yake iligonga jiwe lile lile lililobeba Qurani na kuwarudia. Bado wanasali humo. Msikiti huu ni wa zamani kuliko karibu kila jengo tunalopelekea watoto wa shule kulitazama, na una zulia, Misahafu na viatu mlangoni.

Kilwa Kisiwani ndiko majigambo yalikofikia kilele. Msikiti mkuu ulianza kama ukumbi mdogo upande wa kaskazini, karne ya 11 au ya 12. Dhahabu ya Sofala ilipotajirisha mji, mwanzoni mwa karne ya 14, uliongezwa ukumbi mara kadhaa ya ule wa kwanza, wenye nguzo za jiwe zima na chumba chenye kuba kubwa ambayo pwani haikupata nyingine ya kuishinda hadi karne ya 19. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, na msafiri huyo alimsifu kwa unyenyekevu na ukarimu kwa masikini. Baadaye sehemu kubwa ya ukumbi mpya iliporomoka, na katika karne ya 15 ikajengwa tena kwa nguzo nene zaidi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, ndiye aliyetupangia hatua hizo. Magofu haya pamoja na ya Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014.

Katika ukubwa wote huo, kilichonishika kipo sakafuni. Penye birika la udhu yamepachikwa mawe ya mchanga yaliyovimba kidogo juu ya sakafu, ya kusugulia nyayo. Sultani na mchukuzi wa bandarini walipitia hapo wote, maana udhu hauna cheo. Jiwe la mchanga halipatikani kila mahali kisiwani. Mtu alilichagua kwa ukali wake, akalipachika kwenye chokaa mahali mguu utakapofika. Ni mkeka ule wa Mombasa, uliogeuzwa kuwa wa kudumu.

Songo Mnara iko kusini ya hapo, mwendo wa mashua. Mji ulianza mwishoni mwa karne ya 14 na ukahamwa mapema katika karne ya 16, kwa hiyo hakukuwa na muda wa kujenga juu ya vilivyojengwa, na mpango wake unasomeka. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walichimba humo kuanzia mwaka 2009, na badala ya kukimbilia nyumba za mawe walichukua muda mwingi kwenye uwanja mtupu uliozungukwa na nyumba hizo. Uwanja una msikiti mdogo, kisima na makaburi. Walipopepeta udongo unaoyazunguka makaburi walipata vikokoto vyeupe vya mawe ya kung'aa na sarafu nyingi za shaba za Kilwa, zilizoachwa hapo na waliokuja kuzuru. Sarafu hizo zilikuwa fedha halali sokoni, za kununulia chakula. Watu wakazibeba hadi kaburini wakaziacha. Na uwanja huo, ndani ya ukuta wa mji ambamo nyumba zilibanana hadi kushirikiana kuta, haukujengwa nyumba muda wote mji ulipokaliwa. Wapimaji walioupanga mji walianza kwa kutenga nafasi ya wafu, maji na sala, kisha wakagawa viwanja vya walio hai kuuzunguka.